Ukuta Ulioupisha Mpera

Jumatatu, 9 Septemba

Nimefika kwa Mama saa nane mchana. Begi moja la nguo, karatasi tatu za ramani yangu zimekunjwa ndani ya mabomba, na sanduku lenye mfano wa nyumba. Dereva wa teksi aliuliza kama nimebeba keki. Nikamwambia nimebeba mustakabali wa makazi ya binadamu. Akaomba nisiuweke kwenye kiti, utachafua.

Mama amenawiri. Kanikumbatia, kaulizia mke wangu, kisha kawatangazia majirani kwamba injinia wake amekuja. Nimemweleza kwa mara ya mia kwamba mimi si injinia, ni msanifu majengo. Akasema ndiyo, injinia.

Hali ni hii. Nyumba aliyojenga marehemu Baba imechoka. Kuna nyufa za kuingiza vidole viwili. Jumapili tunakaa kikao, Mama, Dada na mimi, kuchagua ramani ya nyumba mpya itakayojengwa uani. Ramani ni mbili. Moja yangu. Nyingine ya mume wa Dada, mkandarasi, ambaye mji mzima unamwita Zege, maana akiona mahali penye majani hapati usingizi mpaka apamwagie zege. Ramani yake nimeiona kwa jicho la pembeni. Sanduku! Sanduku lenye milango.

Yangu haijengwi, inaota. Kuta za udongo ulioshindiliwa. Paa la nyasi hai. Upepo unaingia ubavu huu, unatokea ule. Na mpera wa Baba umesimama katikati ya sebule, kichwa kimetokeza juu ya paa. Miaka ishirini na tano nimehubiri nyumba za namna hii. (Mteja wangu wa mwisho alihama kwa sababu ya vyura. Niliweka bwawa ukumbini. Vyura walikuja wenyewe. Hiyo ndiyo maana ya kufanikiwa.)

Na yote yalianzia hapa. Ukuta wa jikoni wa nyumba hii umepinda. Unakuja umenyooka, unaukaribia mpera, unajikunja kama mtu anayempisha mgeni mlangoni, kisha unaendelea na safari yake. Baba alikuwa karani wa posta tu. Lakini aliupinda ukuta ili mti uishi! Kila mhadhara wangu unaanza na picha ya ukuta ule. Wanafunzi wawili wamewahi kulia. Mmoja alikuwa na mafua, lakini wa pili alilia kabisa.

Nimepewa chumba changu cha utotoni. Kitanda kimefupika.

Jumanne, 10 Septemba

Nimeamshwa na bati likijinyoosha kwa jua la asubuhi. Tak. Tak-tak. Sauti ambayo sikujua kama bado ninayo kichwani. Nikalala palepale nikiwa na miaka mitano.

Baba alijenga nyumba hii Jumamosi na Jumapili, kwa miaka sita. Ijumaa jioni alifyatua matofali ya saruji akayapanga uani, na kazi yangu mimi ilikuwa kuyamwagilia kwa kopo, asubuhi na jioni, yasikauke haraka yakapasuka. Hakuna aliyenieleza sababu. Niliona watu wanamwagilia mchicha, mchicha unakua. Nikaamini matofali nayo yanakua. Nilikuwa nayapima kwa kiganja. Na kweli, kila nikirudi kutoka shule, nyumba ilikuwa imeongezeka urefu!

Basi. Kazi.

Njama ya kwanza: Mama auone mfano kwa macho. Nimeuweka mezani barazani. Mzuri ajabu. Paa nimelipanda nyasi halisi, wiki sita nikilinyunyizia maji ofisini. Nikaingia ndani kumwita Mama. Alikuwa anachambua mchele, akasema nisubiri. Nikasubiri.

Tuliporudi kuku alikuwa ameshakula nusu ya paa. Nikataka kumfukuza. Mama akanishika mkono kwa nguvu akanong'ona nisithubutu. Kuku akaupita mlango mkubwa, akajizungusha sebuleni mara mbili, akakaa. Tukasimama kimya kama tuko msibani. Baada ya dakika kumi akatoka akipiga kelele. Yai!

Mama alifurahi mno. Kumbe kuku huyo alikuwa amegoma kutaga wiki tatu. Nikamwambia Mama ajionee, kiumbe wa asili ameyatambua makazi yake. Mama akakubali kwa moyo wote. Akasema hicho ni kibanda kizuri sana cha kuku, na je, ninaweza kumtengenezea kikubwa zaidi.

Katika miaka ishirini na tano hakuna mteja aliyewahi kuniomba kikubwa zaidi.

Jumatano, 11 Septemba

Zege amekuja na vibarua wawili, kofia mpya, na boksi la vigae vya sampuli. Ujanja wa kitoto. Mama akatoa kigae kimoja akakipapasa kama shavu la mjukuu.

Nikamkumbusha Mama kuhusu kuishi pamoja na mazingira. Hapo akaweka kigae chini akaniangalia. Maneno yake nayaandika kama yalivyo: "Mwanangu, nimeishi na mazingira miaka sabini. Yanaingia jikoni. Yananipanda miguuni. Yanakula sukari yangu. Sasa naomba nikaishi na vigae." Zege alicheka mpaka akajishika mbavu. Nami nilicheka, kwa heshima ya Mama.

Zege amepigilia vigingi vinne uani, amezungushia kamba nyekundu. Ndio mpaka wa nyumba yake. Kamba ya nyuma inapita hatua nne kabla ya kuufikia mpera. Nyuma ya mpera ndipo penye bustani ya mchicha ya Mama. Dada amesema kesho vibarua watasafisha kiwanja ndani ya kamba, maana kusafisha ni lazima, iwe ramani ya nani. Haya.

Nimekaa barazani jioni nikitazama kamba ile. Wazo likanijia taratibu kama harufu ya chakula.

Njama ya pili. Vigingi viwili vya nyuma vikisogea kidogo, kamba itapita juu ya mchicha wa Mama. Mama anaupenda mchicha ule kuliko baadhi ya watoto wake. Ataamka, ataona kamba imemkalia bustanini, atawaka. Zege kwisha! Sitakuwa nimesema neno hata moja. Tena kamba itauingiza mpera ndani ya nyumba, sawasawa kabisa na ramani yangu. Uzuri wa njama ni pale inapokubaliana na asili.

Alhamisi, 12 Septemba

Asubuhi. Nimemaliza. Kumeanza tu kupambazuka nikatoka na pajama na nyundo niliyoifunga taulo isilie. Vigingi vimehama. Fundo nimefunga vizuri kuliko la Zege. Hakuna aliyeniona. Sasa naenda mjini kuchapisha ramani zangu kwa rangi. Nikirudi nitakuta Mama amewaka na Zege analowa jasho. Naona raha!

Jioni. Mpera umekatwa.

Nimejaribu kuandika sentensi nyingine ikashindikana, kwa hiyo naanza upya. Niliporudi niliona mwanga jikoni. Jikoni pale hapajawahi kuwa na mwanga mchana, siku zote palikuwa na kivuli cha kijani. Nikajua kabla sijafika uani. Mti umelala chini, majani bado mabichi, mapera yametawanyika kote. Vibarua walikuwa wanayala. Kiongozi wao kanieleza kwa adabu kwamba walisafisha ndani ya kamba. Vigingi ni vigingi, bosi.

Kwenye tawi la tatu ndiko nilikosomea vitabu vyangu vyote vya darasa la nne. Tawi la pili lilinivunja mkono. Bado lina kovu. Nami bado nina langu.

Zege akafika. Akavua kofia. Akapima kutoka ukutani, akapima tena, akauliza vigingi vimetembeaje. Nikajitia hamnazo. Kisha akanivuta pembeni, akanikunjulia ramani yake, akanionyesha ujia wa nyuma. Umepinda. Alisema hajawahi kuchora mstari uliopinda tangu azaliwe, ulimsumbua siku tatu, lakini alijua huu mti ni wa moyo wangu. "Nilitaka kukushtukiza Jumapili, shemeji," akasema.

Ule mstari niliuona Jumatatu. Nilidhani ni mkunjo wa karatasi.

Ijumaa, 13 Septemba

Sina njama leo.

Habari za mpera zimeenea, na saa nne akaja fundi aliyejenga nyumba hii pamoja na Baba. Jina lake la mtaani ni Timazi, maana ujana wake wote alitembea na timazi mfukoni, ile risasi ya kamba ya kupimia kama ukuta umesimama wima, hata kanisani. Sasa ni mzee mwenye kelele, masikio hayasikii vizuri, kicheko hakina breki. Akakiangalia kisiki, akauangalia ukuta uliopinda, akaangua kicheko.

Nikachukia. Nikamwambia anacheka kumbukumbu ya mtu aliyepinda ukuta ili kuupisha mti.

Timazi akauliza mti gani. Nikaonyesha kisiki. Akacheka mpaka ikabidi akalie ndoo. Alipopata pumzi akaniambia hapakuwa na mti. Siku wanapanga ukuta wa jikoni, uani palikuwa peupe kama kiganja. Asubuhi walifunga uzi kwenye vigingi vitatu wakaenda kuchota mchanga. Waliporudi wakaendelea kupanga kwa kufuata uzi, kozi ya kwanza ya matofali, ya pili juu yake, ya tatu. Kwenye kozi ya tano Timazi akasimama mbali akaona ukuta umekatika kiuno. Kigingi cha katikati kilikuwa kimehamishwa. Mtoto mmoja mtundu alikuwa amekisogeza ili apate njia ya kupitisha gari lake la kopo.

Nikauliza mtoto gani, ingawa nilishajua.

Timazi alitaka kubomoa. Saruji ilikuwa imeisha, na mtoto alikuwa amejificha nyuma ya pipa analia, ameshaelewa kwamba ameharibu kitu. Baba akaenda nyuma ya pipa. Akakaa huko muda. Aliporudi akamwambia Timazi ukuta uendelee hivyohivyo. Wiki iliyofuata akaja na mche wa mpera ndani ya kopo la rangi, akaupanda palepale ukuta ulipopinda. Tangu siku hiyo kila mgeni akiuliza, Baba alijibu kwamba ukuta unaupisha mti. Alilisema sana, alisema Timazi, mpaka yeye mwenyewe siku moja nusura aamini.

Sikumbuki kigingi. Sikumbuki pipa. Nakumbuka suruali ya Baba tu, ya kaki, ina saruji magotini, na mimi nimeishika.

Mihadhara mia mbili na kumi.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimemsaidia Mama kuanika nguo. Akanipa shuka nishike upande mmoja tulikamue. Tukiwa katikati, shuka limenyooka kati yetu, akasema aliniona juzi.

Nikajaribu kuuliza aliniona wapi. Akasema dirisha la jikoni linaona uani kote, na hata lisingeona, nyundo iliyofungwa taulo inalia kama nyundo iliyofungwa taulo. Akasema ninanyata kama marehemu alivyokuwa akinyata akirudi amechelewa kazini.

Nilitaka ardhi ipasuke. Lakini la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Vibarua hawakukurupuka. Walimuuliza Mama kuhusu mchicha, akawakataza kuugusa; wakamuuliza kuhusu mti. Ni yeye aliyesema kateni.

Nikaachia shuka. Likaanguka kwenye mchanga, akanigombeza kwanza kuhusu shuka. Kisha akaniambia, huku analisuuza upya. Mapera yalikuwa yanadondoka kwenye bati usiku. Zamani hakuyasikia. Lakini Baba naye, kwa miaka arobaini, akikuta mlango umefungwa alirusha kijiwe kwenye bati badala ya kubisha, asiwaamshe watoto. "Tangu afariki," Mama akasema, "kila pera likidondoka naamka kumfungulia. Miaka miwili sasa. Nimechoka kuamka, mwanangu."

Hakulia. Alinipa tena ncha ya shuka.

Tukamaliza nguo zote. Zilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani.

Jumapili, 15 Septemba

Kikao. Mama kakalia kiti cha katikati. Dada kaja na daftari. Zege, ambaye kwa kawaida hakai chini, kakaa.

Kabla ya yote Dada akauliza nani alihamisha vigingi, maana lazima lijulikane. Nikafungua mdomo. Naapa nilifungua kwa nia ya kusema kweli. Mama akaniwahi. Akasema ni mbuzi wa jirani. Dada akaguna. Zege akasema mbuzi huyo anafunga fundo zuri sana. Mama akajibu kwamba ndiyo, ni mbuzi aliyesoma.

Likaisha hivyo. Zege aliniangalia mara moja tu, akaanza kuchezea kofia yake. Nikamwona anauma midomo asicheke. Huyu mtu si mbaya. Inanisumbua.

Ramani ikachaguliwa. Sanduku. Vigae, madirisha ya alumini, nyavu za mbu. Sikupinga. Mama alisema ramani yangu ni nzuri sana na ataitundika ukutani, penye kigae.

Kisha akasema kuna kitu kimoja Zege hakukichora. Baraza. Akataka nichore mimi.

Moyo uliruka! Nikaomba saa moja. Nikarudi na baraza ya mita thelathini, inazunguka nyumba kama konokono, inapanda juu ya paa, inashuka bustanini, na mahali pa mvua kupita katikati ya wakaaji. Zege alihesabu akasema mita tisa za mwisho ziko kwa jirani. Mama akanirudishia karatasi.

"Mwanangu," akasema. "Pa kukalia."

Nikatoka nje. Nikapima baraza ya zamani kwa nyayo zangu, maana Baba naye aliipima kwa nyayo. Kumi na moja kwa tano. Nyayo zetu ni sawa, sikuwa nalijua hilo. Kimo chake ni kile kinachomruhusu mtu kukaa miguu ikagusa chini bila kujikunja. Ukingo umelika mahali pamoja, upande wa kulia, ambapo alikaa kila jioni akivua viatu vya kazi. Nikakaa hapo kidogo. Mwanga wa jioni unaingia kwa pembeni, unakufikia magotini, unaishia hapo. Hakuna aliyeuchora. Ulikuja wenyewe.

Nikachora mstatili mmoja. Kumi na moja kwa tano. Dakika mbili. Mama akaulizia bei ya vigae vya baraza. Nikamwomba, tafadhali, sakafu ya saruji tu. Akakubali. Zege akasema hiyo baraza ataimwaga kwa mkono wake, hatawaachia vibarua.

Ni kazi bora niliyowahi kuchora. Nimeandika hapa ili nisije nikakataa baadaye.

Jumatano, 25 Septemba

Nimerudi kwangu wiki sasa. Nimekuwa mtu mwingine. Nimetulia, nawasikiliza watu, jana nilimwachia mke wangu achague rangi ya pazia bila kutoa mhadhara. Alinigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Leo mchana mama mkwe amepiga simu kunipa pole ya mpera. Katika mazungumzo, bila mimi kumchokoza, kataja kwamba anaongeza chumba cha kulia chakula nyuma ya nyumba yake. Nikamuuliza kwa utulivu kuna nini huko nyuma. Akasema hakuna kitu, kijito tu.

Kijito tu!

Maji yanapita hatua sita kutoka kwenye meza ya chakula, bure, miaka yote, na hakuna aliyewaza kuyakaribisha ndani! Sakafu ya kioo. Au hata bila kioo. Unakula, unanawa, husogezi kiti. Nimeshachora kurasa nne.

Mama mkwe kasisitiza anataka chumba cha kawaida, cha mraba, na kikauke. Mke wangu alikuwa anasikiliza. Kanikataza kabla sijakata simu, na kunikataza tena nilipokata. Nimewaitikia wote wawili. Fundi wa kule nimeshaongea naye, anaanza Jumatatu, nimemwambia achimbe mfereji kutoka kijitoni hadi ndani ya chumba, na akiulizwa aseme ni wa bomba.

Kosa la safari ile nimelielewa vizuri sana, nimelitafakari siku kumi. Nilimshirikisha mwenye nyumba. Huyu atajua siku ya kuhamia.